Muulize Shangazi wa Sinema: kwa nini mikanda ya zamani inageuka myekundu?

Haya wapendwa. Mwezi uliopita niliandika mistari michache tu kuhusu makopo ya filamu niliyoyakuta stoo ya jengo moja ambalo zamani lilikuwa sinema, sikutegemea kama ingewagusa watu hivi, meseji zimekuja nyingi mpaka nimeamua ukurasa wote wa leo niwape mikanda. Kwa wageni, baba yangu alikuwa opereta, mimi nimekua nikilala chumba cha projekta huku mashine inakereza, na nikiwa darasa la sita nilishajua kuunga mkanda uliokatika. Kwa hiyo haya mambo yako moyoni kwangu. Tuanze.

"Shikamoo Shangazi. Mjomba wangu alifariki mwaka jana, enzi zake alifanya kazi sinema. Kwenye vitu vyake tumekuta makopo manane ya filamu ya Kihindi, ile pana yenye matundu pande zote mbili. Nikishika kipande dirishani picha naiona vizuri tu ila yote nyekundu, utadhani imemwagiwa juisi ya rozela. Mama anasema alipoiona yeye ilikuwa na rangi zote, sari za kijani, anga la bluu. Hizo rangi zimeenda wapi, na kuna dawa ya kuzirudisha?" (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu, pole sana kwa msiba wa mjomba, na ahsante kwamba hamkuyatupa.

Nianze na mkanda wenyewe ulivyo maana ukiuelewa huo mengine yote yanafunguka. Mkanda wa rangi wa kuonyesha sinemani, sisi tunauita printi, sio picha moja, ni picha tatu zimelaliana. Chini kuna plastiki, hiyo ndo beisi, ukiigawa milimita moja mara mia, unene wake ni kama sehemu kumi na tatu au kumi na nne kati ya hizo mia. Juu ya plastiki kuna gelatini, jamii ile ile ya jeli inayotoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe, na ndani ya gelatini ndo zimekaa zile picha tatu kila moja na tabaka lake. Tabaka la juu kabisa ni majenta, yaani waridi iliyokolea, la katikati ni sayani, bluu inayoelekea kijani, la chini karibu na plastiki ni njano. Kama umewahi kwenda stationery ukaona wanabadilisha wino wa printa ya rangi basi unazijua, ni zile zile rangi tatu. Na zote tatu kwa pamoja ni nyembamba kuliko unywele wako.

Sasa ona hesabu inavyoenda. Sari ya kijani pale kwenye mkanda ni sayani na njano. Anga ni sayani na majenta kidogo. Wekundu wa midomo ya sterling ni majenta na njano, sayani haipo kabisa hapo. Ukiitoa sayani kwenye picha nzima kijani kinakufa, bluu inakufa, kinachobaki ni ule wekundu wako wa rozela. Na ndicho kilichotokea ndani ya kopo la mjomba. Sayani imepauka, njano nayo mara nyingi imepungua kiasi, majenta ndo ngumu kufa kwa hiyo imebaki inatawala peke yake.

Watu wengi wanadhani ni jua. Sio jua, hii inatokea gizani kabisa kopo likiwa limefungwa, kinachoisukuma ni joto na unyevu na miaka. Kwenye filamu ya rangi ile fedha iliyoshika mwanga mwanzoni inaondolewa yote wakati wa kusafisha, wanaigeuza kwa dawa kisha wanaiyeyusha inatoka, picha inabaki ni rangi za kemikali tupu. Filamu ya nyeusi na nyeupe fedha inabaki ndani ndo maana za babu zetu ziko hai mpaka leo. Printi za Eastmancolor, yaani mkanda wa rangi wa Kodak, zilianza 1950, na mama yako atakuwa analikumbuka hilo neno maana filamu za Kihindi zililiandika kwa herufi kubwa mwanzoni kabisa kwa fahari. Sayani ya printi za wakati ule ilikuwa dhaifu, na hali ikawa hivyo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kodak walipotoa printi isiyopauka haraka, na hilo nalo lilikuja baada ya waongozaji kupiga kelele, Martin Scorsese ndo alibeba bango mbele mwaka 1980. Wakati huo huo Technicolor walikuwa na njia yao nyingine kabisa, wao walikuwa wanapiga rangi kwenye mkanda moja baada ya nyingine kama khanga inavyopigwa chapa kiwandani, na zile printi zao mpaka leo ukizishika zinawaka. Ila ilikuwa gharama kwa kopi chache, Marekani wakaacha katikati ya miaka ya 1970 na London mwaka 1978.

Dawa ya kuirudisha sayani haipo mwanangu, sikufichi. Usijaribu kuloweka wala kupaka kitu. Kinachowezekana ni kuskani, kwa sababu mara nyingi sayani haijaisha yote, imebaki kidogo sana, na mashine nzuri ya kuskani inauona huo mabaki ambayo jicho halioni, alafu mtu wa rangi anainyanyua taratibu kwenye kompyuta. Haitarudi kama alivyoiona mama ila sari itakuwa kijani. Na habari njema ni kwamba sauti haijaguswa. Angalia pembeni ya picha, kati ya picha na matundu ya upande mmoja, utaona mstari mweusi unaochezacheza, hiyo ndo sauti, na kwenye printi za zamani mstari ule ulipakwa dawa yake peke yake ili fedha ibaki. Nyimbo zote zipo humo.

Nachokuomba, kabla hamjafanya lolote andika jina la filamu, namba ya kila kopo, na maneno yaliyoko ukingoni mwa mkanda. Kodak waliweka alama ndogo ndogo ukingoni, duara, mraba, pembetatu, zinazotaja mwaka wa kutengenezwa mkanda wenyewe, na zinajirudia kila baada ya miaka 20, kwa hiyo kwa alama na filamu yenyewe mtajua printi ni ya lini. India wana hifadhi yao ya taifa ya filamu pale Pune tangu 1964, na Mumbai ipo Film Heritage Foundation tangu 2014. Waandikieni. Kuna filamu ambazo kwao zimepotea vipande, na kopo lako moja Tanga linaweza kuwa ndo kipande hicho.

"Habari ya kazi Shangazi. Mi naediti video za muziki hapa Mwanza. Kwenye programu ya DaVinci Resolve kuna folda ya Film Looks, ndani kuna kitu kinaitwa Kodak 2383. Kila mtu anasema weka hiyo video itakuwa na muonekano wa sinema, mi nikiweka sura za wasanii zinakuwa nyeusi ti na vivuli vinaziba kabisa. Hiyo 2383 ni nini hasa?" (Kijana wa editing, Mwanza)

Nzuri kijana wangu, na swali lako nimelipenda kwa sababu unatumia kitu kila siku bila kujua kwamba ni kitu halisi cha kushikika. 2383 ni namba ya mkanda. Ni printi ya Kodak iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1990, sinema nyingi sana duniani zilionyeshwa kwa mkanda huo mpaka dijitali ilipochukua, na Kodak bado wanautengeneza. Kile ulichonacho kwenye Resolve ni jedwali la namba linaloiga jinsi mkanda ule unavyopokea mwanga na kuutoa ukutani.

Kwa nini sura zinaziba? Printi haikutengenezwa ipokee dunia moja kwa moja, ilitengenezwa ipokee negativu. Kamera inapiga kwenye negativu, na negativu kwa makusudi kabisa ni laini, kontrasti ndogo, yaani giza na mwanga havijaachana sana, inabeba mwanga mwingi na giza jingi kwa pamoja, ukiitazama imepooza na ina rangi ya chungwa. Ili kuilinda ile ya asili wanaitolea kopi ya kati, alafu kutoka kwenye hiyo wanatoa negativu nyingine ya kazi, na hiyo ndo inazaa printi za kwenda sinema zote. Printi kazi yake ni kuinyanyua ile picha iliyopooza, kwa hiyo ina kontrasti kali sana, mara kadhaa ya negativu. Negativu laini na printi kali vikikutana picha inasimama sawa. Sasa wewe umechukua video ambayo kamera imeshaipa kontrasti yake ya kawaida ya tivii ukaibandika printi juu, umekaza mara mbili. Ngozi zetu ndo zinaumia wa kwanza hapo maana ziko upande wa chini wa mwanga, na hili linaniuma kuliko nikueleze, video ngapi nimeona msanii mzuri amegeuzwa kivuli chenye meno.

Fanya hivi. Rekodi kwa log, ule mpangilio wa kamera unaotoa picha laini iliyopooza kama negativu. Kisha ndani ya Resolve weka nodi, yaani hatua moja ya kazi, ya kubadilisha uwanja wa rangi, itoe kwenye log ya kamera yako uipeleke kwenye Cineon Film Log, na ile 2383 iwe nodi ya mwisho kabisa baada ya hiyo. Marekebisho yako yote ya mwanga na rangi yafanye kabla yake, yaani unaposhusha na kupandisha uwe unagusa negativu na printi ikuonyeshe matokeo, ndivyo watu wa maabara walivyokuwa wanafanya na taa zao tatu nyekundu, kijani na bluu, kila taa ina hatua zake kutoka 0 mpaka 50. Zile D55, D60 na D65 unazoziona kwenye majina ni weupe wa taa, D55 ina ujotojoto, D65 imepoa. Ijaribu kwanza kwenye sura moja iliyokaa kivulini, ukiona macho na nywele unazitofautisha basi uko sawa.

"Hujambo Shangazi. Niko Mombasa, tuna mikanda ya marehemu babamkwe, yanuka siki chumba kizima, watoto wapiga chafya. Mume wangu ataka kuyachoma asema filamu za zamani hulipuka. Nimemzuia kwanza nikuulize." (Mama wa wawili, Mombasa)

Sijambo mwanangu, na umefanya la maana sana kumzuia.

Mlipuko kwanza. Mumeo hajatunga, filamu za zamani zenye beisi ya nitreti kweli zinawaka hata ndani ya maji, opereta wamekufa kwa hizo. Lakini Kodak waliacha kutengeneza nitreti mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mikanda inayonuka siki kama yenu beisi yake ni plastiki nyingine inayoitwa asiteti, angalia ukingoni utakuta limeandikwa neno SAFETY. Hata hivyo msichome, moshi wa plastiki ile uani na watoto wapo sio kitu cha kucheza nacho.

Hiyo siki ni siki ya kweli. Beisi ya asiteti ikikaa kwenye joto na unyevu inaanza kuachia asidi, ile ile ya kwenye siki ya kachumbari. Ubaya wake ni kwamba asidi ikishaanza inasukuma asidi nyingine, kwa hiyo ikivuka kiwango fulani mkanda unakimbia wenyewe, unajikunja, unasinyaa, gelatini inaanza kuachana na plastiki. Taasisi moja ya Rochester kule New York, inaitwa Image Permanence Institute, walipima wakaona asiteti mpya ikikaa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 inaanza kunuka baada ya kama miaka 40. Sasa wewe uko Mombasa, nyuzi 21 utazipata wapi, na unyevu wa pwani mara nyingi unapita asilimia 70. Babamkwe wako aliitunza vizuri kufika hapa.

Leo hii itoe kwenye chumba cha kulala. Yale yanayonuka yatenge kabisa na yasiyonuka maana ule mvuke unahamia kwa wenzake, na unakula hata bati, kama makopo yana kutu itoe mikanda uiweke kwenye makopo ya plastiki, yasibane hewa kabisa. Hao wataalamu wa Rochester wanatengeneza vikaratasi vya bluu, unaweka kimoja ndani ya kopo, kikigeuka kijani asidi imeanza, kikifika njano ndo hali mbaya, ukivipata utajua ipi uikimbize kwanza kuskani. Ambayo imeshachacha sana inasimamishwa kwa baridi tu, freeza, ila lazima kwanza mkanda uwe umekaa chumba chenye AC umekauka, kisha mfuko wa zipu ndani ya mfuko mwingine wa zipu hewa umeitoa. Siku ya kuutoa usifungue mifuko, uache hapo hapo masaa matano au sita mpaka ujotoe wenyewe, la sivyo maji yatatua juu ya gelatini kama yanavyotua kwenye chupa ya soda.

Ukiona na kuvu, usifute kwa kitambaa kibichi. Kuvu inakula gelatini na ikishaila inakuwa inayeyuka kwenye maji, utafuta kuvu na picha pamoja.

"Assalam aleykum Shangazi. Mimi ni mtu mzima sasa, niko Muscat miaka mingi ila nimekulia Unguja. Nina mambo mawili yananikaa kichwani. Filamu zikichakaa zilikuwa na mistari ya kijani inashuka kama mvua, kwa nini kijani na sio nyeupe? Na lile doa la duara lililokuwa linatokea juu pembeni lilikuwa la nini?" (Mzee wa Unguja, Muscat)

Waaleykum salaam mzee wangu, na shikamoo. Umenirudisha mbali.

Kijani kwa sababu ya ule mpangilio niliomweleza mwanangu wa Tanga, majenta iko juu kabisa. Chembe ya mchanga ikikwama kwenye geti la projekta, pale mkanda unapopita mbele ya taa, inaukwaruza mkanda unavyoshuka, na mkwaruzo mwepesi unachukua lile tabaka la juu tu. Majenta ikitoka zinabaki sayani na njano, nazo zikikaa pamoja ni kijani. Ukienda ndani zaidi sayani nayo inatoka unaona mstari wa njano, ukifika kwenye plastiki ndo unaona mweupe. Na mkwaruzo wa upande wa nyuma, upande wa plastiki, huo unaonekana mweusi ukutani kwa sababu haujatoa rangi yoyote, unatawanya tu mwanga. Baba yangu alikuwa anasimama nyuma kabisa ya ukumbi anatazama mistari, akiona nyeusi anajua mkanda umekwaruzwa mgongoni, akiona kijani anapanda ngazi mbio kwenda kusafisha geti maana anajua picha yenyewe inaliwa.

Mpangilio huo sio bahati mbaya. Kwenye negativu ya kamera tabaka la juu ni linaloshika bluu, lakini kwenye printi wameweka majenta juu kwa sababu jicho la mtu linasoma ukali wa picha zaidi kwenye rangi hiyo, na tabaka la juu ndilo linapata picha kali kuliko yote.

Doa lile lilikuwa letu sisi wa chumbani. Mkanda wa milimita 35 unakwenda picha 24 kwa sekunde, kila picha matundu manne, kwa hiyo dakika moja inakula futi 90, kama mita 27 na nusu. Filamu ya Kihindi ya saa mbili na nusu inapita kilomita nne za mkanda. Haikai kwenye rili moja, ziko rili za kama dakika 20 na projekta mbili zinapokezana. Doa la kwanza likitokea zimebaki kama sekunde nane unawasha injini ya pili, doa la pili imebaki kama sekunde moja unabadilisha. Mtazamaji asijue. Na kwa sababu rili zilikuwa nyingi, pale Unguja na hata Dar printi moja iliweza kuonyeshwa sinema mbili usiku mmoja, kijana anasubiri chini na baiskeli, rili ikiisha huku anaikimbiza kule. Najua mzee unawakumbuka hao vijana, mnyororo ukikatika njiani ukumbi mzima unapiga miluzi.

"Sasa Shangazi, mimi ni mpiga picha hapa Nairobi. Nimenunua filamu mtandaoni, imeviringwa kwenye kasha la kawaida la 35, imeandikwa 2383. Nataka kuiweka kwenye kamera yangu ya mkono. Itashika?" (Mpiga picha, Nairobi)

Poa sana mwanangu. Itashika na matundu yataingia bila shida, printi za sinema na filamu za kamera za mkono zina matundu ya umbo moja. Ila jiandae. Huu mkanda ni mzito wa kushika mwanga ajabu, ulitengenezwa kwa taa kali za maabara, haina ISO rasmi, kile kipimo cha wepesi wa kushika mwanga, na waliojaribu wanaichukulia kama 1 mpaka 3. Maana yake jua la saa saba mchana lenzi umeifungua 2.8 bado unahitaji kama 1/50 ya sekunde. Kukiwa na wingu weka stendi.

Rangi zitatoka za ajabu kwa sababu mkanda unategemea kupokea mwanga uliopita kwenye ule uchungwa wa negativu, mchana wetu una bluu nyingi mno kwake, filta ya rangi ya chungwa inasaidia. Utapata negativu isiyo na uchungwa, kontrasti kali, kwa hiyo tafuta vitu vyenye mwanga laini, ukuta kivulini, uso karibu na dirisha. Dawa yake halisi inaitwa ECP-2, wengine wanaipitisha kwenye C-41, dawa ya kawaida ya filamu za rangi za kamera, na inatoka. Mwambie mtu wa maabara mapema ni mkanda gani, usimfiche.

Na jingine ambalo wengi linawakuta, beisi yake ni polyester, plastiki ngumu kuliko asiteti, nayo inapitisha mwanga kwa ndani kama waya wa faiba. Ukiiacha ncha nje juani mwanga unaingia mpaka ndani ya kasha, picha za kwanza zinaungua. Ipakie gizani. Utasikia pia kwamba maabara wanaishika printi chini ya taa ya njano, ni kweli, ni taa za sodiamu kama zile za barabarani za zamani, kwa sababu kati ya kijani na nyekundu kuna mwanya ambapo mkanda karibu hauoni kitu. Lakini taa ya njano ya nyumbani sio hiyo, inachanganya kila rangi.

"Shikamoo Shangazi, kikundi chetu cha sanaa Bagamoyo tumepewa projekta ya 35 inayofanya kazi na printi mbili. Tunataka kuonyesha watu uwanjani. Tuanzie wapi?" (Kikundi, Bagamoyo)

Marahaba wanangu, nimesoma hii meseji nikasimama.

Kwanza jueni printi zenu ni asiteti au polyester. Shikeni rili nzima muielekeze ubavu kwenye taa, polyester mwanga unapenya, asiteti inabaki nyeusi. Tofauti ni kubwa. Asiteti ikikwama inakatika, mnaunga mnaendelea. Polyester haikatiki, kitakachokatika ni mashine, kwa hiyo kama projekta ni ya zamani haina swichi ya kujizima mtu asimame pembeni yake mwanzo mpaka mwisho mkono uko karibu. Na gundi ya kuungia asiteti haishiki polyester hata kidogo, tumieni tepu maalumu ya filamu, sio selotepu ya dukani, hiyo gundi yake inatambaa joto likipanda inaunganisha mizunguko.

Kisha pimeni kusinyaa. Chukua picha 100 za mkanda wenu uzilaze sambamba na picha 100 za mkanda mpya, ukikosa mpya tumia kipimo, inatakiwa iwe kama milimita 1900. Ukikuta umepungua milimita 19, hiyo ni asilimia moja, usiupitishe kwenye projekta, meno yatachana matundu yote njia nzima. Huo upelekeni kuskani.

Ukiwa mzima, mkae mezani muurudishe kwa mkono rili yote, polepole, glovu nyeupe za pamba, mkanda unapita katikati ya vidole umeshikwa kingo tu, hapo mtasikia kila tundu lililochanika kabla halijaingia kwenye mashine. Glovu ikinasa, simama, weka alama ya karatasi, endelea. Baba alikuwa akifika mahali haelewi upande upi ni wa picha anagusisha kwenye mdomo wa chini, upande wa gelatini unanata kidogo, wa plastiki unateleza, ila fanyeni hivyo mwisho kabisa wa mkanda pasipo na picha. Geti la projekta mlisafishe kwa brashi kila baada ya rili moja, kila moja, na pale Bagamoyo mchanga mnao wa kutosha. Mashine iwekeni juu ya meza ndefu upande upepo unakotoka, sio upande wa watu wanakokanyaga.

Mkishaonyesha rili ya kwanza mniandikie, mniambie ni filamu gani na kijani kimetoka kijani.